Mwambie Aliyeko Huko

Chapwa, Tunduma
9 Februari 2025

Mama yangu Tukuswiga,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usiisome mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya Fortunata aliyeileta. Najua atakaa barazani akingoja chai na kuuliza, "Anasemaje huyo?" Mwambie nasalimia tu. Ukimaliza kusoma, itie jikoni iungue. Sijakuomba jambo kubwa tangu uniite mwanao. Naomba hili.

Shikamoo Mama. Mimi sijambo kwa mwili. Mvua huku haikatiki, na malori yamejipanga kuelekea mpakani hadi mtu anasahau barabara ilikuwa na rangi gani. Kanisani nimeingia kwaya, sauti ya pili. Wanaimba haraka haraka, kama watu wenye basi la kuwahi. Nyimbo za kwetu hawazijui, kwa hiyo huwa naziimba ninapofua.

Ningepiga simu, lakini simu yenyewe iko dukani kwa Brayan, na Brayan hupenda kuweka sauti ya juu ili duka zima lifaidike.

Mzee wetu ni mzima. Najua kwa sababu namsikia. Unakumbuka Injinia Shadrack aliponipa ukarani huu, kwa kuombwa na Mzee mwenyewe bila kumwambia mimi ni nani kwake, nilimwomba aniwekee pazia katikati ya karakana. Alidhani naogopa vumbi. Sikumweleza kwamba yule fundi wake ni baba mkwe wangu, kwamba tangu siku uliyonipokea mlangoni sijamtazama usoni wala kutaja jina lake, na kwamba mume wangu Ambakisye kufariki hakukubadilisha hilo. Baadaye alijua mwenyewe. Sasa Mzee akiwa na neno kwangu, anamwambia Timotheo, yule kijana anayetunza malighafi: "Timotheo, mwambie aliyeko huko kwamba trei imejaa." Timotheo anasema, "Mzee, yuko hatua mbili, amekusikia." Mzee anasema, "Sikukuuliza yuko wapi. Mwambie." Basi Timotheo anachungulia pazia na kusema kwa sauti ya mchungaji, "Dada Gwantwa, imeletwa taarifa." Ndicho kicheko pekee ninachopata kwa wiki.

Uliniuliza tunachapa nini, kama bado ni fulana na vitenge vya kanisa. Sivyo, ingawa vifaa ni vilevile: fremu yenye wavu, wino, na kile kibao cha mpira cha kukokotea wino. Tunachapa vihifadhi vya umeme, vidogo kuliko ukucha, juu ya plastiki nyembamba inayokunjika kama risiti. Si betri. Kinajaa upesi, kinatoa upesi, na hakichoki haraka. Vitabandikwa kwenye lebo za maboksi ya dawa yanayosafiri kwenye malori ya baridi, ili lebo ikumbuke kama dawa ilipata joto njiani. Kila kimoja ni machanuo mawili yaliyoingiliana meno bila kugusana. Chini wino wa fedha, juu yake wino mweusi wa kaboni, na katikati ya meno tunatia jeli yenye chumvi. Umeme unatunzwa pale kwenye ule ukaribu. Meno yakigusana hata mahali pamoja, hakuna kinachobaki.

Kazi yangu ni kuvijaza umeme kimoja kimoja na kuona kama kinashika. Mama, havishiki. Tangu mwezi uliopita, trei kwa trei. Nimeangalia kwa lenzi. Wino wa juu haukai sawasawa juu ya ule wa chini, umesogea kushoto, na meno yanagusana. Anayepanga fremu ni Mzee.

Nadhani haoni.

Injinia aliniuliza tatizo ni nini. Nikasema, "Labda filamu, bosi. Labda plastiki imeingia unyevu." Nimesema uongo, na sijui kwa nini ulikuja upesi hivyo. Nikisema kweli, watamwondoa, na wewe unajua kwamba tangu tumzike Ambakisye kazi ndiyo inayomwamsha. Mwambie wewe, Mama. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Mkamwana wako,
Gwantwa


Ileje
2 Machi 2025

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba. Mlango niliufunga. Fortunata alikunywa vikombe vitatu na bado hakupata kitu.

Huku tu wazima. Parachichi zimezaa mpaka matawi yanainama, na ndama wa yule ng'ombe mweusi amepona mguu. Bati la jikoni lilipeperuka, Anna wa jirani akalikuta shambani kwake akadai ni lake, tukabishana hadi tukacheka. Nimepanda maharage pale alipopenda kukaa marehemu. Sikutaka pabaki wazi.

Nilimweleza Fortunata kwamba mnachapa kwa makaa na chumvi. Akauliza kama ni chumvi ya Ivuna. Nikamwambia karani hajasema. Akasema, basi hao wanasonga ugali wa umeme.

Sasa hilo jingine. Macho ya baba yenu ni mazima. Alipokuja Krismasi alinionyesha kunguru juu ya mti wa mbali, mimi nikiwa sijamwona. Fundi akizeeka watu hutafuta la kusema. Kama kazi zenu zinaharibika, tafuteni kwenye hizo mashine.

Tena nikuulize, mwanangu, bila hasira. Umejuaje habari za macho yake? Macho hukaa usoni. Katika nyumba hii mkamwana hatazami huko.

Usiniandikie tena jambo hilo. Vaa sweta asubuhi, Tunduma ina baridi ya kichokozi.

Mama yako,
Tukuswiga


Chapwa
23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu ndama. Kuhusu maharage nimesoma mara nyingi. Asante kwa kupanda pale.

Nisamehe, naandika tena ulichonikataza, na tena nakuomba usimwonyeshe mtu. Umeniuliza nimejuaje. Sijamtazama, Mama. Naapa. Nitakueleza nilivyojua, kisha unihukumu.

Unafahamu kwamba Mzee akikaribia kona hukohoa, ili nikiwapo nipishe. Amefanya hivyo tangu niolewe, na huku mjini pia. Asubuhi yeye hupita njia ya juu, mimi ya chini, na pale tunapoweza kukutana, karibu na mashine ya kusaga, nasikia kikohozi na kugeukia ukutani. Ni salamu yetu. Hatuna nyingine.

Sasa anakohoa kila mahali. Alikohoa ili ng'ombe apishe. Alikohoa mbele ya pikipiki iliyoegeshwa, akasimama akingoja ipishe, na mwenye pikipiki akasema, "Mzee, hiyo haina adabu, pita tu." Watu walicheka. Wiki ile ile nilikuwa nimesimama pale konani, wazi kabisa, nimevaa kitenge changu cha njano, naye akapita bila kukohoa. Koti lake liligusa kapu langu. Nilijibana ukutani mpaka nikakwaruzika bega. Hakujua kwamba ni mimi. Hakujua kwamba ni mtu.

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Na sasa uongo wangu umepata miguu. Injinia amesema kama filamu imeingia unyevu, basi aliyeitunza ni Timotheo. Timotheo aliapa kwamba hufunga kabati kila siku. Alinigeukia mimi. "Dada Gwantwa, wewe si unaniona nikifunga? Sema basi." Nilisema, "Mimi huwa nyuma ya pazia." Ni kweli, Mama, na ni jambo baya kuliko ule uongo wa kwanza.

Mnunuzi kutoka Ndola atakuja Juni kupima kazi yetu. Ikishindwa, karakana itarudi kuchapa fulana, na Injinia amesema kabla ya kufika huko ataondoa mtu. Nikinyamaza, anaondoka Timotheo asiye na kosa. Nikisema, anaondoka Mzee, tena kwa mdomo wa mkamwana wake, mbele ya vijana. Nakuomba umwambie aseme mwenyewe. Wewe ndiwe unayekaa naye meza moja akija nyumbani.

Gwantwa


Chapwa
27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Pasaka imepita. Niliwaza labda nimekukosea kiasi cha kutojibiwa, kisha nikasikia Fortunata hajaonekana sokoni muda mrefu, kwa hiyo barua hii naituma kwa mama mmoja wa Itumba ambaye simfahamu. Nimeandika nje "Salamu za Pasaka". Tafadhali usimpe sababu ya kudhani ni zaidi ya hizo.

Timotheo amesimamishwa hadi mnunuzi aje. Alipochukua koti lake alifungua pazia lote, akasema, "Dada, ubaki salama na uchaji wako," akalifunga tena taratibu. Sasa tuko wawili tu karakana nzima, Mzee na mimi. Hakuna wa kumtuma. Trei ikijaa anagonga meza mara moja na mimi nangoja asogee. Siku nzima inapita bila neno. Nasikia kibao cha mpira kikiburuta wino, nasikia anavyopapasa ukingo wa fremu. Jana aliimba kidogo ule wimbo aliopenda Ambakisye. Alifika katikati akaacha, na mimi nilikuwa najua unavyoendelea.

Kama umenikasirikia, nijulishe tu.

Gwantwa


Ileje
11 Mei 2025

Mwanangu,

Sikukukasirikia. Fortunata alianguka kwenye utelezi akavunjika mkono, na barua yako ya Machi ilikaa ndani ya kapu lake chini ya vitunguu mpaka alipokumbuka. Hiyo ya pili imefika kabla yake. Nimezisoma zote mbili siku moja, ya mwisho kwanza. Nimeshindwa kula.

Kunguru wa Krismasi hakuwapo. Alinyoosha kidole juu ya mti akasema, "Unamwona yule kunguru?" Mti ulikuwa mtupu. Nikasema, "Namwona."

Nimejua tangu maziko. Wakati wa kutupa udongo, baba yenu aliutupa pembeni, juu ya viatu vya Mwinjilisti. Watu walidhani ni uchungu. Usiku wa matanga aliniambia ni mtoto wa jicho, amepimwa, inaweza kupasuliwa, na hataki. Akanifanya niape nisimwambie mtu wala nisimrudishie maneno hayo yeye mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini. Alisema wakimfunga kitambaa machoni, hata kwa siku chache, atakachokiona humo gizani ni lile lori tu, na mwanaye chini yake. Nikaapa. Ungefanya nini?

Kwa hiyo siwezi kumwambia. Na kukufungulia wewe useme naye, siwezi pia, hilo ni lake. Unajua kwetu baba mkwe akitaka mkamwana awe mtoto wake hasa, amtazame na amtaje jina, humpelekea kuku jike kwa mkono wa mtu mwingine. Nimemtumia salamu kwamba ni wakati wa kukupelekea kuku. Sikumpa sababu. Amejibu, "Kuku wa nini, mwenye mke hayupo."

Nimelia kwa jibu lile, maana ni kweli, na maana si kweli.

Uliandika kwamba katikati ya machanuo mnatia jeli. Ndiyo mimi hiyo. Tangu uolewe nimekuwa katikati yenu, huyu hamsemeshi yule, yule hamuulizi huyu, kila kitu kinapita kwangu. Nimechoka kuwa chumvi, Gwantwa. Fanya utakaloona. Sitasema umevunja nyumba.

Mama yako


Chapwa
8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Fortunata amefika na mkono uliofungwa kitambaa shingoni, anaagiza watu wazima kama wajukuu. Barua yako aliileta siku mbili kabla ya mnunuzi. Nakuandikia yaliyotokea, na haya hasa naomba yabaki kwako.

Nilikaa asubuhi yote nimeshika lenzi bila kuangalia kitu. Mzee alikuwa anapanga fremu ya wino wa juu, trei ya mwisho, ile ya kuonyeshwa mnunuzi. Nilisikia vidole vyake vikitafuta alama za pembeni. Nikasimama, nikageuza uso ukutani, nikasema:

"Timotheo, mwambie aliyeko huko kwamba meno yanagusana upande wa kushoto."

Timotheo hayupo, Mama. Unajua hayupo.

Nilidhani atatoka. Kisha akasema, "Timotheo, mwambie aliyeko huko kwamba najua."

Nikasema, "Timotheo, muulize, kama anajua mbona hasemi."

"Timotheo, mwambie anayeuliza kwamba mbona yeye hasemi. Amejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Na Injinia alipouliza, alisema nini?"

"Alisema ni filamu. Imeingia unyevu."

Akasema polepole, kama mtu anayemwombea mwingine radhi, "Timotheo, mwanangu, umeonewa. Sisi wawili tumekuonea."

Nililia, kwa sababu alisema sisi.

Baada ya muda nikasikia fremu ikikwaruza meza. Aliisukuma, ikapita chini ya pazia hadi upande wangu, na mikono yake ikaifuata, imeshika pembe zote mbili. Akasema, "Timotheo, mwambie aangalie fremu. Fremu si mtu."

Niliangalia fremu kwa lenzi. "Timotheo, mwambie kulia. Kidogo. Kidogo zaidi. Hapo." Akakokota wino kwa kupapasa, pazia likiwa juu ya viwiko vyake. Tulichapa trei nzima hivyo. Kazi yake ya kukokota bado ni safi, Mama, mkono hautetemeki, wino unalala mwembamba kama kivuli. Nilijitahidi nisitazame mikono. Lakini dole gumba lake limepinda nje kwenye ncha, kama la Ambakisye. Sikujua. Miaka yote hii hukuniambia.

Vilivyokauka nilivijaza umeme. Vilishika. Niligonga meza mara moja, naye akagonga mara moja.

Mnunuzi alipofika, mtu mnene mchangamfu, akisalimia kwa lugha ya kwao "Mulishani, mulishani" kwa kila mtu hata kwa mlinzi, alikunja vile vipande kidoleni, akapima, akakunja tena, akapima, akatikisa kichwa kwa kufurahi. Injinia alianza kucheka. Ndipo Mzee alipozungumza, kwa sauti ya kawaida, na safari hii hakumtuma mtu.

"Shadrack. Hizo nzuri nimezipangiwa na macho ya mwingine. Mbovu zote ni zangu. Mrudishe Timotheo."

Injinia hakumfokea. Alisema, "Mzee, kwa nini hukuniambia?" Kisha alinigeukia mimi, nami nikasema kuhusu filamu, nikasema kwamba nilidanganya. Amenipa onyo. Alisema karani mwoga ni hatari kuliko fundi kipofu.

Mzee aliondoka asubuhi iliyofuata. Sikuweza kumsindikiza stendi, ungekuwa utovu wa adabu. Nilisimama kwenye kona ya mashine ya kusaga, upande wa ukuta. Alipita na begi lake, akafika pale na kukohoa. Hakujua kama nipo. Alikohoa tu, endapo nipo.

Ameacha aproni yake upande wa pili. Sijaigusa.

Gwantwa


Ileje
20 Julai 2025

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Uliniomba nichome barua zako. Sikuchoma hata moja. Uliniomba nisimwambie mtu. Nimezisoma zote kwa sauti, na aliyesikiliza ni baba yenu.

Alirudi hapa akakaa kama mgeni. Siku ya tatu alisema, "Nipeleke wakanipasue." Sikumuuliza kilichombadilisha, niliogopa atabadilika tena. Wamefanya jicho moja, wakalifunga. La pili halioni kitu, kwa hiyo alikaa gizani kama alivyoogopa, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Nikaona nisipoujaza muda ule kwa kitu, lile lori litaujaza. Nikatoa barua zako kwenye sanduku la vitenge.

Alikasirika kwanza. Kisha alicheka kwenye pikipiki, akacheka mpaka muuguzi akaja kutukataza. Kwenye ile kona uliyojibana ukutani, alisema, "Nilimgusa? Nilimgusa kapu?" akaniomba nisome tena. Kwenye wimbo alioukatisha, aliumalizia, taratibu. Kwenye mikono, alinyoosha lile dole gumba akalipapasa kwa mkono mwingine.

Baadaye nikamuuliza anaona nini humo ndani. Akasema anamwona Ambakisye akiwa mdogo, ameingia kwenye kopo la wino, mweusi hadi masikioni, anamkimbia yeye nyuma ya nguo za kanisa zilizoanikwa. Lori halikuja.

Kitambaa kimetolewa. Anaona. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nimezeeka, na mimi nikamwambia na yeye alikuwa hivyo muda mrefu, asijifanye.

Sasa, Fortunata anakuja na kuku jike. Mweupe, mwenye doa bawani. Usimchinje. Baba yenu alimchagua mwenyewe, kwa jicho lake, akawakataa wanne. Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Nilisema mwenye mke hayupo. Nilisema vibaya. Mimi nipo. Basi awe mtoto wangu, anitazame na anitaje."

Mimi nimepumzika kuwa katikati. Sasa andikianeni wenyewe.

Mama yako,
Tukuswiga


Chapwa, Tunduma
10 Agosti 2025

Baba yangu Anyitike,

Nimekaa na mstari huo wa juu tangu nitoke kanisani. Kalamu ilikuwa inaandika "Baba" na kusimama. Sasa umeandikwa. Naomba barua hii isionyeshwe mtu, ingawa najua Mama yuko nyuma ya bega lako anasoma. Shikamoo Mama.

Shikamoo Baba.

Kuku amefika salama. Fortunata alimkabidhi mbele ya Injinia, mlinzi, na dereva mmoja aliyekuja kuuliza njia, akatangaza kana kwamba anafungisha ndoa. Kuku hapendi chumbani kwangu. Nimemleta karakana, na ametaga yai chini ya meza yako, juu ya ile aproni. Kwa hiyo aproni bado sijaigusa, sababu imebadilika tu.

Timotheo amerudi. Nilimwomba radhi. Kwa wiki nzima hakuniambia neno, alikuwa anasema, "Pazia, mwambie huyo dada kwamba bado nimekasirika." Jana alisema, "Pazia, mwambie hasira imepungua, lakini isitangazwe." Injinia amesema jicho likikaa sawa uje umfundishe Timotheo kukokota, kwa sababu anavyokokota yeye wino unalala kama matope. Trei nyingi bado nazitupa. Kati ya vile vya kwanza tulivyochapa mimi na wewe ninacho kimoja. Nilikijaza umeme nikabandika kitaa kidogo. Huwa kinawaka kidogo tu, kisha kinafifia. Nakijaza tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kama daktari atakubali, njoo. Nakueleza njia upya, kwa kuwa mara ya mwisho hukuiona.

Shuka Mpemba, usishuke stendi ya mpakani, pale malori yatakuvuruga. Chukua bajaji hadi kanisa letu la Chapwa, lenye mlango wa kijani. Usipite njia ya juu, ilikuwa yako kwa ajili yangu, na ina mawe. Pita ya chini. Ukifika mashine ya kusaga kuna kona. Usikohoe pale. Ukikuta pikipiki imeegeshwa, ipite tu.

Karakana ni mlango wa tatu baada ya kona, bati jekundu. Mlinzi atakutambua. Ukiingia utaona pazia, sikulitoa. Injinia aliniambia nilitoe, nikamwambia mwenye kulitoa yuko njiani.

Nitakuwa nyuma yake, nina lenzi, huenda sitasikia mlango. Timotheo atakuwa karibu, naye atataka kufanya utani wake. Usimtume, Baba. Simama hapo kwenye pazia, uniite mwenyewe.

Mwanao,
Gwantwa